Singo ya Bi Zamda

Ramadhani ikiisha tu, Kariakoo nzima hukumbuka kuoa. Mwaka ule wa hamsini na nne kila mwenye binti alimtaka Bi Zamda, kungwi wa Mtaa wa Sikukuu, amsinge mwali wake, amfukize udi, amfunde na kumtoa. Bi Zamda alitoka harusi ya Ilala akaingia ya Mtaa wa Pemba, na baada ya hapo zikamchanganya. Asubuhi moja alikaa kitandani ajifunge kanga, na kanga ikabaki mapajani mpaka jua likayachoma mabati.

Homa hakuwa nayo, wala hapakuwa na kiungo kilichomuuma. Nguvu zilikuwa zimemwisha, basi, na neno hilo alimwambie nani? Harusi iliyofuata ilikuwa ya binti wa Sitara, shoga yake tangu usichana, aliyepanga chumba cha pili, mwanamke ambaye akiongea uani anasikika Mnazi Mmoja. Akimwambia hawezi, Sitara atamtangaza mtaa mzima na ushoga utavunjika. Akinyamaza, ataanguka mbele ya mwali na ngoma zikilia.

Mezani palikuwa na bakuli la singo ya kumsugulia mwali, iliyobaki harusi ya juzi, unga wa liwa na karafuu na maua ya waridi, nayo ilikaribia kuchacha. Bi Zamda haoni singo ikiharibika akatulia. Akachota kidogo, akajisugua mguu mmoja. Wa pili ulimshinda, akalala. Alipoamka aliona si haki mguu mmoja ung'ae na mwenzake upauke, akausugua na huo.

Kesho yake akachemsha maji akaoga polepole, bila mtu kumhimiza. Akajisinga mikono na shingo, akapaka nywele mafuta ya nazi, akaweka chetezo cha udi miguuni, akanywa uji kitandani huku mlango umefungwa.

Sasa, kuta za nyumba zetu za Kariakoo hazifiki juu, na harufu haina adabu, inapita itakapo. Udi mchana, singo, na mwanamke aliyeachwa miaka mingi hatoki nje! Wapangaji walinusa, wakatazamana, wakajua: Bi Zamda kawekwa ndani, anaolewa. Kufikia alasiri mtaa ulikwishamchagulia na bwana, naye ni Mwinyimvua muuza kahawa, aliyefiwa na mkewe. Mwinyimvua mwenyewe alipoambiwa hakukana. Alikwenda kunyoa ndevu.

Bi Zamda alisikia vigelegele uani, akainuka ili akakanushe. Mkono ulikuwa tayari kwenye komeo alipotambua kwamba tangu asubuhi hakuna aliyemgongea kumwita kazini. Mwali hatumwi. Akarudi kulala. Atakayemlaumu na amlaumu, lakini usingizi ule ulikuwa mtamu.

Aliyevunja heshima hiyo ni Sitara. Alisukuma mlango mpaka komeo likang'oka.

"Zamda! Yaani uolewe, mimi nisikie bombani? Na mwanangu nani atamsinga?"

Bi Zamda alijiinua akakaa kitandani, kanga kifuani. "Hakuna bwana, shoga yangu."

"Na Mwinyimvua?"

"Namjua kwa kahawa yake tu. Nimechoka, Sitara. Nimechoka mpaka kujifunga kanga kunanishinda. Nikaona nijifanyie mwenyewe yale ninayowafanyia watoto wa watu." Machozi yakamtoka. "Lakini mwanao nitamsinga. Sijui kwa nguvu gani, nitamsinga."

Sitara alisogea karibu. Alimtazama mwenzake. Mikono na shingo viling'aa kama vya msichana, lakini mgongoni ngozi ilikuwa kavu, imepauka.

"Huko nyuma je?"

"Sifiki."

"Geuka," Sitara akasema.

Akavuta bakuli, akaanza kumsinga. Ufundi hakuwa nao, alisugua kama anayeosha sufuria. Bi Zamda hakumkosoa. Miaka yote ile migongo ya watu ilipita mikononi mwake, na wake haukuwa umeguswa na mtu tangu aachwe. Akajilaza kifudifudi akalia taratibu, kilio cha raha.

Ukumbini wanawake walikuwa wamejaa na ngoma zao. "Sitara! Bwana nani? Na harusi yako je, nani atamfunda mtoto?"

Harusi yenyewe watu walikuwa wameshaalikwa, na mchele umeshanunuliwa. Sitara akatoa kichwa nje, mikono imejaa liwa.

"Mwali hajatoka," alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Ya mwanangu nimeisogeza mbele mpaka atakapotoka. Nendeni na ngoma zenu huko, mwenzenu amelala."

Na kweli, pale kitandani Bi Zamda alikuwa ameshalala.