Behewa Alimozaliwa Katunge

Katunge alizaliwa ndani ya treni karibu na Ruiru. Mwaka wa 1956, alipokuwa anakaribia kuolewa, kaka yake Kitheka, kibarua wa kiwanda cha mananasi mjini Thika, aliapa kumtafutia behewa hilo lenyewe alione kabla ya arusi. Alikuwa na picha moja ya zamani: mama yao amempakata mtoto mchanga mbele ya behewa la mbao lenye madirisha yaliyoviringana upande wa juu. Namba ya behewa ilikuwa imekatwa ili picha iingie kwenye fremu.

Kila Jumapili Kitheka alisimama stesheni akilinganisha picha na treni zilizoingia. Madirisha yote yalikuwa ya mraba.

"Hayo ya zamani yalishavunjwa," karani alimwambia bila kuinua macho.

Akaenda Ruiru kwa mpiga picha aliyeipiga, akitumaini kwamba kile kioo cha negativu kilichotoa picha ile bado kipo, kikiwa na namba ya behewa. Mzee alimwonyesha banda la kuku.

"Vioo vyote nilivisugua, nikatengenezea dirisha lile."

Kitheka alirudi nyumbani amefura kwa hasira, akaitupa picha mezani mbele ya mama yake na Katunge.

"Nimeshindwa, Mwaitu. Behewa halijulikani."

Mama yake akashangaa. "Hilo? Sisi tulishushwa, treni ikaendelea na safari. Picha tulipigwa baadaye, mbele ya behewa lililokuwa limeegeshwa tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza namba tu."

Katunge aliangua kicheko, na hicho ndicho kilichomuudhi Kitheka zaidi. Akatoka nje, akakataa hata chai.