Mkono wa Kamera, Mkono wa Salamu

Ukitaka kumuumbua Munira, mwambie apige picha za video huku anatembea. Akisimama mahali pamoja, hana mpinzani Tandika nzima. Mwaka ule wa tisini na tatu mwanamke mwenye kamera mtaani alikuwa yeye peke yake, na shughuli zote za wanawake, zile ambazo mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia, zilikuwa zake. Lakini akipiga hatua tu, picha inaruka kama imepakiwa kwenye mkokoteni wa mkaa.

Wateja walimvumilia. Bibi yake, Bi Mwanakombo, alishindwa. Alipowekewa kanda ya harusi ya jirani alifumba macho, akaomba beseni, akatapika.

Hilo lingeisha kwa kicheko, kama si harusi ya Mwantumu. Bi Mwanakombo alikuwa amewasindikiza wajukuu zake wa kike wote kwa miguu hadi kwa waume zao, yeye mbele, bibi harusi nyuma yake kafunikwa kanga. Mwantumu, mdogo wake Munira, ndiye alikuwa wa mwisho, na nyumba ya bwana harusi, Anwar, ilikuwa mtaa huohuo. Sasa miguu ya Bibi ilikuwa imemkatalia. Alikuwa mtu wa kulala na kugeuzwa.

"Basi wewe mke mwenzangu ndiye miguu yangu," alimwambia Munira. "Nifikishe. Ila usinirusherushe."

Munira akaenda Kariakoo kwa Mohamedraza, muuza kamera, kutafuta kitu cha kuituliza kamera. Mohamedraza akamtolea viwili. Cha kwanza kilikuwa chuma cha kuegemeza begani, chenye vishikio viwili mbele, jicho unaligandisha kwenye kioo cha kamera. Cha pili kilikuwa fimbo tu. Kamera inafungwa juu, chini kuna uzito wa chuma, nawe unaishika katikati kwa mkono mmoja, kwa wepesi, ili mwili ukiyumba fimbo ibaki wima. Kioo chenyewe hukifikii, unakisia.

"Chukua cha begani, dada," alisema Mohamedraza. "Hiyo fimbo inaua mkono."

Munira akazunguka navyo dukani, akaviona sawa tu, maana sakafu ya terazo haimtikisi mtu. Mohamedraza, muungwana yule, akamwambia avichukue vyote akavijaribu kwenye mchanga wa kwao, kitakachomshinda akirudishe.

Kesho yake asubuhi Munira akatembea kutoka mlangoni kwa Bibi hadi kwa kina Anwar, kwanza na cha begani, kisha na fimbo. Alasiri akamwekea Bibi kanda.

Cha begani si haba. Ila kila mguu ulipozama mchangani picha ilishtuka, na Bibi akashika ukingo wa kitanda. Ikaja ya fimbo. Picha ikatulia kama maji mtungini. Bibi akatazama ukuta wa madrasa, bomba la maji, genge la nyanya, vitu ambavyo hakuwa ameviona siku nyingi, na uso wake ukakunjuka. Kisha ukabadilika ghafla.

"Simama. Rudisha nyuma."

Munira akarudisha.

"Yule si Lulu pale barazani?"

"Ndiye, Bibi."

"Mbona nimempita?"

Munira akacheka. Bibi hakucheka, machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Tangu nilale shoga yangu hajaniona nje. Leo napita mlangoni pake, hata salamu sitoi. Atasema Mwanakombo kaota mapembe."

Munira alitaka kusema yalikuwa majaribio tu. Lakini kwenye televisheni Bi Lulu alionekana wazi, mkono kaunyoosha, akingoja, na kamera ikimpita. Munira alikuwa anatazama fimbo na nyayo zake. Katika zile kanda zake za kuruka hakuna ambaye angeliona jambo hilo. Alishikwa na haya, haya hasa.

Akakirudisha cha begani. Kinataka mikono yote miwili, na watu hawasalimiani kwa viwiko.

"Mkono utakuuma," Mohamedraza akamkumbusha.

"Uniume tu, mzee."

Tena ulikuwa mkono wa kushoto, mkono usiojua kazi, maana wa kulia ndio wa salamu. Siku zote zilizobaki alikwenda na ile fimbo hadi sokoni, watu wakimcheka kwamba kaanza kuchanganyikiwa, naye akiwasalimia mmoja mmoja.

Siku ya harusi alitangulia mbele ya vigelegele, pale pa Bibi, akisimama kila baraza.

Kesho yake Bibi akawekewa kanda. Njia ikamjia polepole. Kila penye mtu mkono wa kulia ulichomoza mbele ya kamera, ukapokewa. Bi Lulu aliushika, hakuuachia. Akaitazama kamera usoni.

"Mwanakombo, mwenzangu, hujambo?"

"Sijambo, Lulu," Bibi akajibu kitandani. "Ni miguu tu."

Njia ikaendelea hadi kwa kina Anwar. Hodi ikapigwa, wakaitikiwa karibuni, na kamera ikasimama kizingitini, penye rundo la ndala.

"Mwanangu," Bibi akasema, hakubandua macho kwenye televisheni, "nivue viatu, nisije nikakanyaga mkeka wa watu."

Munira akaenda miguuni pa kitanda, akafunua shuka, na kwenye miguu iliyokuwa mitupu akamvua kimoja, kisha cha pili.