Kiwanja Namba 114 Chaleta Pingamizi

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kazini, kwenye kaunta ya mipango miji. Ni siku ya thelathini, ya mwisho kupinga kiwanja namba 114 kugeuzwa kutoka eneo la wazi kuwa maduka. Saini ya kuidhinisha iliyobaki ni yangu.

Kiwanja chenyewe kinaingia. Mlango kinaupita kwa shida, maana kina mita themanini kwa sitini.

"Shikamoo," nasema. Kimenizidi umri.

"Marahaba, Mwajabu. Umenenepa. Nimeleta pingamizi."

"Barua ya serikali ya mtaa?"

"Mwenyekiti hanitambui. Anasema mkazi gani hana hata choo."

Ghorofa lililo nyuma yake kwenye foleni linaguna. "Bibi nyasi, fanya haraka. Wenzio tuna wapangaji."

Nafungua kanuni. Asiye na barua hukubaliwa akiwa na shahidi mmoja aliyewahi kulitumia eneo. Nakisomea kifungu chote.

"Basi twende ukamwone," kinasema.

Hatuendi popote, lakini kaunta sasa imesimama kwenye nyasi. Dada yangu Mwahija, aliyefariki mwaka 1998, anajaza mchanga kwenye chupa ya mchezo wa rede. Ana miaka kumi na miwili, kama alivyokuwa. Anaurusha mpira wa soksi hewani na kuudaka.

"Mwajabu, ingia kati!"

"Niko kazini, dada."

"Kazi gani? Mwoga we!"

Namweleza: hapa patajengwa maduka arobaini na mawili, na hati ziko kamili. Namuuliza atachezea wapi.

"Mimi nitajuaje? Aliyesoma ni wewe."

Ramani ya jiji naijua kwa kichwa. Natafuta mita kumi za kurushiana mpira. Hakuna.

Nachukua fomu, naandika jina langu kwenye nafasi ya shahidi.

"Shahidi alikuwa akifanya nini hapa?" kiwanja kinauliza, kwa sauti ya ofisi.

"Akicheza rede na dada yake."

"Nani alishinda?"

"Hatukumaliza."

Mwahija ananyanyua mkono kurusha. Nikaamka.

Naishi ghorofa ya sita. Chini yetu ni zege mpaka barabarani. Kwenye pindo la gauni langu la kulalia zilinata mbegu za kishonanguo. Nilizihesabu mara mbili: kumi na nne, bado mbichi.