Visanduku Viwili Vyeusi

Kushuku watu ndiyo kazi yangu. Ninakagua mizigo uwanja wa ndege, na abiria akinichekea kabla sijamwuliza kitu, begi lake nalipekua mpaka soksi. Kwa hiyo yule binti wa hospitalini aliponichekea nilipoingia tu chumbani, nikasema moyoni, hapa kuna jambo.

Nilikuwa na mimba ya miezi minne, na picha ilionyesha mtoto wa kiume. Mama yangu amezika wana wawili kwa ugonjwa wa kulegea misuli, ule ambao mama huubeba na mwana wa kiume ndiye huugua, na mimi nilitaka kujua kama ninaubeba damuni na ninaweza kumrithisha huyu wa tumboni. Hilo tu ndilo lililonipeleka kwa washauri wa magonjwa ya kurithi. Nilifika mapema. Mtu wa mapokezi hata hakuniangalia vizuri. "Pita tu dada, chumba cha mwisho, anakusubiri."

Binti akajitambulisha: mwanafunzi wa uzamili, mwaka wa pili, anasomea kazi hiyo ya kushauri familia. Akavuta karatasi, akaanza kuuchora ukoo wetu, duara kwa mwanamke, kisanduku kwa mwanamume. Nilipomtaja kaka yangu, akakipaka kisanduku wino mweusi na kukikata kwa mstari, maana yake ameugua, amekufa. Kwa mdogo wangu alishapaka kabla sijamaliza kusema.

"Nilijua tu watakuwa wawili," akasema.

"Ulijuaje?"

Akatupa jicho kwenye kioo cha ukutani, kioo kikubwa ajabu kwa chumba kisicho na hata sinki. Mama aliwahi kupimwa zamani. Pengine majibu yake wanayo, yananihusu, na huyu binti ametumwa anizungushe huku wakubwa wanatuangalia nyuma ya kile kioo.

"Mnanificha nini?"

"Hakuna kinachofichwa, mama." Akanisogezea boksi la tishu.

"Mimi silii."

"Utalia," akasema kwa upole, kama ananipangia.

Nilitamani kumzaba kibao. Lakini nilikuwa na swali moja lililoninyima usingizi, nikalimeza hilo la kibao nikauliza langu. "Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungepima?"

Binti akaweka kalamu chini, ameridhika kabisa. "Hilo nililisubiri tangu umekaa. Umeigiza vizuri, hasa hiyo mikono kutetemeka. Mwambie mwalimu mtego wake nimeuruka: mshauri hamchagulii mgonjwa."

Nikaitazama mikono yangu. Ilikuwa inatetemeka kweli.

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke anahema, tumbo lake la bandia, la mto wa kulalia, limekwenda upande. "Samahani, nimechelewa. Mimi ndiye mgonjwa wa kuigiza wa leo."

Nyuma yake akaja mwalimu, uso umemshuka. Ndiye aliyenieleza. Wanafunzi hupimwa kwa watu wa kukodi wanaojifanya wagonjwa, na yeye huwatazama kupitia kile kioo. Visa vyenyewe hujirudia: mjamzito, ndugu wawili waliokufa, machozi. Leo alikuwa bado hajakaa kitini. Mapokezi walikuwa wamenipeleka chumba cha mtihani.

Nikachukua mkoba wangu. Sikumtukana mtu, ingawa matusi yalikuwa tayari mdomoni. Binti akanikuta kwenye benchi la korido, bado sijaamua kama nirudi nyumbani. Hakuja na karatasi wala kalamu.

"Dada, nisamehe."

"Na hili nalo ni la mtihani?"

"Mtihani nimeshaanguka."

Akakaa mwisho wa benchi. Nilimkagua usoni nilivyozoea, nikitafuta kilichofichwa, nikakuta mtu aliyeona aibu tu. Kisha akauliza, "Ndugu zako waliitwa nani?"

Miaka yote ya kuwabeba hospitalini, kuwapima, kuwaandika, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo akiwa hana kalamu mkononi. Nikamtajia jina la kaka, nikamtajia la mdogo wangu. Akayarudia yote mawili taratibu, asije akakosea.

Nikalia, kama alivyosema, na safari hii boksi la tishu halikuwapo. Nikajifuta kwa kiganja, nikakunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko.

"Nipeleke wanakotoa damu," nikamwambia. "Na usiniache huko peke yangu."