Benchi la Mzee Ndikumana

Sipendi kujisifu, lakini kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka hakuna kichwa kama changu. Kitu kikiingia humu hakitoki. Naweza kukutajia, kwa majina na kwa mstari, watu wote walionicheka mwaka juzi nilipoanguka na ndoo kichwani. Ndiyo maana kwaya yetu ilipotafuta mtu wa kutanguliza maneno, haikutafuta mbali. Ilimchukua Guy, yaani mimi.

Kwetu kwaya haishiki karatasi. Mtu mmoja anasimama mbele, anatupa maneno ya ubeti haraka haraka kabla pumzi ya ubeti uliopita haijaisha, wengine wanayadaka na kuyaimba. Akikosea, watu thelathini wanakosea naye. Miaka miwili nilisimama pale, kifua mbele, na Aline wa sauti ya kwanza akiniangalia mdomo. Najua, kazi ndiyo ilimtaka aniangalie mdomo. Usiniharibie.

Halafu Madame Jeannette, kiongozi wetu, aliyekuwa mwalimu kwetu Kongo, Uvira, akatunga wimbo wa beti tisa kuhusu watu wa Biblia waliotembea mbali na kwao. Hakufuata mpangilio wa Biblia, alifuata mpangilio wa moyo wake. Ruthu alitangulia Ibrahimu, Eliya akawa wa tano, Yona wa sita. Tungeuimba Lilongwe, kwenye mkutano wa makanisa, mtaa wa Area 36. Nikasafisha koo.

"Atatanguliza Honoré," akasema Madame.

Nilicheka peke yangu. Honoré! Mtu aliyetumwa chumvi akarudi na sabuni, akatumwa tena akarudi na swali.

"Madame, uyu kichwa yake ni kikapo. Maji haikae mule."

"Kichwa ni kama muguu tu, Guy. Ukiitembeza inapata nguvu. Mwenzako ameitembeza yake mwezi muzima. We utasimama pembeni. Akikwama, njo unamudaka."

Mimi, golikipa wa akiba! Na Aline akapiga makofi, tena si ya adabu.

Siku mbili chakula kilikuwa na ladha ya gazeti. Ya tatu nikamfuata Honoré asubuhi, nijue anakula nini. Alianzia kwenye bomba la maji, akatembea polepole kuelekea kanisani, midomo ikicheza. Mahali fulani anasimama, anatabasamu, anaendelea. Nikamshika bega.

"We, unazungumuza na nani?"

Kwa vile hajui kuficha kitu, akanimwagia yote. "Madame njo alinifundisha. Kila ubeti nimeuacha mahali fulani njiani. Ruthu iko pa bomba, anachota maji. Eliya iko pa benchi ya mzee Ndikumana, amepanda juu ya magurudumu, anaenda mbinguni. Mbele yake kidogo, kwa mama Kabibi muuza samaki, Yona iko ndani ya dagaa ya usipa. Kama nimesimama kanisani, natembea iyi njia mu kichwa tu."

"Na karatasi?"

"Siangalie mbele ya kujiuliza. Najiuliza kwanza, nikishindwa njo nafungua. Leo, kisha kesho kutwa, kisha wiki ijayo. Guy, inaingia! Hata namba ya kadi ya chakula ya mama naijua sasa."

Aliifurahia ile namba kama mtu aliyezaa. Nikamchukia vizuri sana.

Mimi wimbo nilikuwa nausoma chali kitandani. Mara hamsini, karatasi juu ya pua. Kila neno nikiliona nasema, eh, huyu namfahamu. Nikifunga karatasi nalala.

Ndipo wazo likanijia. Kama beti zinakaa njiani, njia si inaweza kuhamishwa?

Jumanne nikaenda kwa mzee Ndikumana, fundi wa kabaza, zile baiskeli za kubeba watu. Ameketi kwenye benchi lake, magurudumu yamening'inia nyuma yake.

"Mzee, bonjour. Pasta amesema usogeze benchi. Kuna bageni batapita hapa na gari. Kaa kule chini, nyuma ya mama Kabibi."

"Pasta amesema?"

"Pasta mwenyewe."

Nikamsaidia hata kulibeba, mimi muungwana. Tangu siku hiyo nilipita kila asubuhi kuiangalia kazi yangu. Kwanza usipa wa mama Kabibi, kisha benchi. Kwanza Yona, kisha Eliya. Nikatembea nikiimba kwa furaha, Yona kisha Eliya, Yona kisha Eliya, hadi Jumamosi.

Jumapili, Area 36, hema lilijaa hadi watu wakasimama nje. Honoré mbele, mimi hatua mbili pembeni kama gurudumu la akiba. Ruthu, sawa. Ibrahimu, sawa. Jamaa alikuwa anatupa maneno bila jasho, na Aline alikuwa anamwangalia mdomo. Ubeti wa nne ukaisha. Honoré akafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Mabega yakaanza kumtikisika.

Madame akanitolea macho. Ingia!

Niliruka. Aline akanigeukia. Nikatupa kwa sauti ya radi: "Yona tumboni mwa samaki!"

Nusu ya kwaya ikamdaka Yona. Nusu, iliyokumbuka mazoezi, ikamshika Eliya. Ilitoka sauti ya mbuzi wa soko la Mponela wakipandishwa kwenye lori. Honoré akainua mkono, akatupa, "Eliya juu ya magurudumu ya moto!" na wote wakarudi kwake kama watoto kwa mama. Akawapeleka hadi ubeti wa tisa. Watu wakasimama. Aline alilia machozi kabisa.

Baadaye tulikaa nyuma ya hema, kila mtu na sahani ya nsima, ugali wa huku, na maharage.

"Honoré, pale ulikwamia nini?" Madame akauliza.

"Sikukwama, Madame. Nilikabwa na kicheko. Benchi ya mzee Ndikumana ilihama wiki hii. Nikipita, naona Eliya amefukuzwa, amebeba gurudumu kichwani, anaomba nafasi kwa mama Kabibi. Tangu ile siku, uo ubeti hautoke hata na nyundo."

"Kitu ya kuchekesha inashika sana," akasema Madame. "Lakini we Guy, Yona ulimutoa wapi?"

"Vipaza sauti, Madame. Vilinichanganya."

Hapo akatokea mzee Ndikumana. Alikuwa amekuja Lilongwe kutafuta spoku za baiskeli, akasikia kwaya ya nyumbani inaimba, akaja kusalimia. Akavua kofia.

"Madame, mi nauliza tu. Bale bageni ba pasta, ba gari, balishapita? Nirudishe benchi yangu? Kule kwa usipa paka zinanisumbua."

"Bageni gani, mzee?"

"Bale Guy aliniambia."

Aline aliacha kutafuna. Honoré akanitazama, midomo ikicheza polepole, kama mtu anayetembea njia kichwani.

"Guy?" akasema Madame.

"Mimi? Mi sikumbuke kitu kama icho."

Mzee akanihurumia kweli, kama mtu anayemsaidia mgonjwa. "Utakumbuka, mwanangu. Ilikuwa Jumanne, saa mbili ya asubui. Ulivaa ile tisheti ya njano. Ulikuwa unakula mukate, ukaniachia kipande. Ukashika benchi upande wa kushoto, ule wenye musumari, ikakuchana apa."

Akanishika mkono wenye tonge, akaugeuza taratibu, akawaonyesha wote.