Kengele ya Gurudumu la Mbele

Fimbo ilitua begani kwa kijana kabla baiskeli yake haijasimama, na mfupa ukakatika kwa mlio ambao Fundi aliusikia kutoka kwenye kona ya juu, alikokuwa akiteremka huku amebana breki zote mbili. Kijana alibiringika mpaka kichakani. Mzee hakutosheka. Alimfuata hukohuko akamchapa mgongoni, akamchapa tena, na angeendelea kama Fundi hangeitupa baiskeli yake na kumkimbilia. Hakumshika kwa nyuma. Alimzunguka akasimama mbele yake, machoni pake, mikono juu.

"Basi, Baba! Utaua!"

"Hakupiga kengele!" mzee alifoka, povu mdomoni. "Hawa washenzi wananijia kimyakimya mgongoni. Hakupiga!"

Uongo mtupu. Kijana alikuwa ameipiga kengele tangu juu, tena kwa fujo, kama mtu aliyefungiwa nje na mvua inanyesha. Fundi aliisikia. Ndege waliisikia wakaruka. Asiyeisikia alikuwa mmoja tu kilima kizima, na huyo ndiye aliyeshika fimbo.

Watu walimwita Baruti. Maisha yake yote ya kazi alilipua miamba kwenye machimbo ya mawe, na fimbo aliyotembelea ndiyo ileile aliyoshindilia nayo baruti mashimoni, mti mgumu usiojua kupinda. Kazi hiyo ilimlisha, ikamlelea binti, halafu ikamla masikio. La kushoto lilikufa kwanza. Lakini fundi wa baruti asiyesikia filimbi ya kuwaambia watu wakimbie hapewi kazi tena, na ni haki, maana atawaua wenzake. Kwa hiyo alijifunza kusoma midomo. Alijifunza kukaa mbele kila mahali, na kuwatazama wengine wakicheka ndipo naye acheke. Akastaafu bila mtu kugundua, na kule kujificha kukawa ndiyo heshima yake yote. Aliyejua ni binti yake Fundi peke yake, naye alikuwa ameapishwa.

"Siku utakayoniita kiziwi mbele za watu," alimwambia, "katafute baba mwingine."

Sasa tazama mambo yalivyo. Kilima kile kilikuwa cha umma, yaani cha kila mtu, yaani cha kugombaniwa. Njia ilikuwa moja tu ya kufika juu na kushuka, na pande zote mbili ni miamba na miiba. Waliotembea kwa miguu walimchagua Baruti awe msemaji wao, kwa sababu alikuwa na sauti kubwa na hakuogopa mtu. Waliopanda baiskeli walimchagua Fundi, kwa sababu karakana yake ilikuwa pale chini ya kilima na hakuna tairi lililopita pale ambalo hajalishika. Nyumba moja ikawa na majemadari wawili, nao wanakula meza moja.

Kijana aliyevunjwa bega aliitwa Spoki, kwa wembamba wake. Alikuwa na marafiki, na marafiki hawakungoja apone. Walipanda asubuhi na mifuko ya mawe wakawashambulia watembeaji kutoka juu ya miamba, na mwalimu mmoja mstaafu, mtu asiyemkanyaga hata sisimizi, akapasuliwa kichwa. Watembeaji wakajibu. Walitega waya kati ya miti miwili, kimo cha shingo. Mpanda baiskeli aliyeupata aliinamisha kichwa dakika ya mwisho, ukamchana kidevu mpaka mfupa ukaonekana. Baada ya hapo watu walipanda kilima kama wanaokwenda vitani: huyu na rungu, yule na mnyororo wa baiskeli amejizungushia mkononi. Kwenda kunyoosha miguu kulihitaji roho ya simba.

Jioni moja Fundi aliketi mbele ya baba yake, taa ikimulika mdomo wake, akasema polepole.

"Baba, yule kijana alipiga kengele."

"Hakupiga."

"Alipiga. Wewe hukusikia."

Sahani iliruka ikapasukia ukutani. Mzee alimdaka binti yake kifundo cha mkono akakibana mpaka vidole vikafa ganzi. "Nasikia kila ninachotakiwa kusikia," alisema. "Na wewe unajua ulichoniapia."

Fundi hakulia. Alikuwa akiutazama ule mkono uliombana, na aliuona unatetemeka. Ndipo alipoelewa jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake siku zote. Baba yake hakuwa akipiga watu kwa ukali. Alikuwa akiwapiga kwa woga. Mtu ambaye kila kitu kinamtokea mgongoni kwa ghafla, bila hodi, atafanya nini zaidi ya kuwahi kupiga? Fundi akamwonea huruma mpaka kifua kikamuuma, na huruma hiyo ndiyo iliyomponza.

Manispaa ilichoka. Msimamizi wa kilima, mama mmoja mfupi mwenye filimbi shingoni, aliwaita wote kwenye ukumbi wa wafanyakazi wakazungumze kistaarabu. Ustaarabu ulidumu mpaka mtu wa pili kusimama. Baruti alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa, na watu walipoanza kusema watatu kwa pamoja, alishindwa kuwafuata midomo, akagonga meza kwa fimbo. "Mmoja mmoja! Mnabweka nini?" Rafiki mmoja wa Spoki akamwambia akafie mbele. Hilo mzee alilisoma vizuri sana. Kiti kiliruka, kikafuatwa na kingine; mtu akatema meno mawili sakafuni, mwingine akawa anakanyagwa chini ya meza. Baruti alimshika koo yule aliyemtukana, akamgandamiza ukutani, akakaza.

Msimamizi akapanda juu ya meza na kupuliza filimbi kwa pumzi zake zote.

Ukumbi mzima uliganda. Waliokuwa wameinua viti walivishusha. Baruti peke yake hakuachia. Aliendelea kukaba, na kijana alikuwa ameanza kugeuza macho.

"Huyu mzee hana moyo," mtu alinong'ona.

Fundi alijipenyeza kati yao akauweka uso wake mbele ya uso wa baba yake. Mzee akageuka, akaona watu wote wamesimama wanamtazama, akaachia. Kijana aliporomoka ukutani akikohoa.

"Nawaambia mara moja," Msimamizi alisema. "Leo mkubaliane, la sivyo baiskeli hazikanyagi kilima changu tena, na mwenye fimbo nampeleka polisi."

Hapo Fundi angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha, na ugomvi wote ungeisha palepale. Alimtazama baba yake, shati limechanika, jasho linamtoka, anahangaika kusoma midomo ya ukumbi mzima kwa pamoja. Likamshinda. Badala yake akafungua mfuko wake akatoa kengele.

Haikuwa kengele ya kidole. Ilikuwa na kijigurudumu cha chuma kinachokaa juu ya tairi la mbele. Tairi likizunguka, nacho kinazunguka, na kengele inalia yenyewe bila kuguswa. Baiskeli ikienda, inalia. Ikisimama, inanyamaza. Alikuwa ameitengeneza mwenyewe karakanani. Akaishikiza juu ya gurudumu alilokuja nalo, akalizungusha. Mlio ulijaa ukumbi, mkali, usiokoma. Watu walikunja nyuso na kuziba masikio.

Baruti aliwatazama. Kisha naye akaziba masikio. "Kelele gani hizo!" alisema. "Zitampasua mtu kichwa!"

Watu wakacheka, wa pande zote mbili, mara ya kwanza tangu damu ianze kumwagika. Na Fundi, aliyemjua mzee huyu kuliko mtu yeyote, aliyemwona akiigiza hivyohivyo mbele ya wageni miaka nenda miaka rudi, safari hii akaamini. Aliamini kwa sababu alitaka kuamini. Alijiambia sikio la kulia bado linapata kitu.

Wakapeana mikono. Kila baiskeli itavaa kengele ya gurudumu, na anayeisikia atapisha. Ikionekana baiskeli inateremka bila mlio, wapanda baiskeli wote wamekipoteza kilima. Na mtembeaji atakayempiga mtu ambaye kengele yake inalia, hataweka tena mguu pale maisha yake yote. Baruti alikubali kwa sauti kubwa kuliko wote. Juu ya kilima kile ndiko alikotembea na marehemu mkewe kila asubuhi, na ndiko alikoendelea kumsemesha hata sasa.

Siku ya kuanza, watu walijaa njiani kama wametangaziwa ngumi. Watembeaji walipanda kwanza, na walipoanza kushuka, baiskeli zikawafuata kwa mstari. Fundi alitangulia. Nyuma yake alikuwepo Spoki, bega limeunga vibaya, mnyororo umezungushwa kwenye usukani. Kila mtu aliuona ule mnyororo na kila mtu alijifanya hakuuona.

Kengele zikalia. Watembeaji wakapisha mmoja baada ya mwingine, wengine wakinung'unika, wengine wakitania. "Pita, mama, pita na kanisa lako!" Mwalimu mstaafu, kichwa bado kimefungwa bendeji, aliinua hata kofia. Fundi alianza kupumua.

Halafu njia ikapinda, na mbele yake akamwona baba yake. Alikuwa peke yake katikati ya njia, mahali inapobana, anashuka taratibu na fimbo yake. Kengele ililia. Mzee hakugeuka. Fundi alikaribia, kengele inalia mpaka usukani unatetemeka, na ule mgongo ukaendelea kwenda zake kama mgongo wa mtu aliye peke yake duniani.

Sikio la kulia halikuwa linapata kitu chochote. Fundi alilijua hilo sasa kwa mwili mzima, na maji yalikuwa yameshamfika shingoni.

"Anatutega, huyo!" Spoki alipiga kelele nyuma. "Hapishi makusudi! Nimwone leo!"

Alikanyaga pedali, akachomoa mnyororo, akamfuata mzee moja kwa moja. Fundi hakuwa na muda wa kuwaza. Alikaza miguu, akamziba Spoki kwa gurudumu la nyuma, akajitupa kwenye ule upenyo mwembamba kati ya baba yake na mwamba ili awe wa kwanza kufika mbele ya macho yake.

Bega lake likagusa kiwiko cha mzee.

Fimbo ilikuja kwa mzunguko mmoja, bila mzee kutazama, kwa nguvu zote za mtu aliyeshtuliwa. Ilimpiga Fundi mdomoni. Alisikia taya likihama na meno yakimwagika ulimini, kisha akawa chini juu ya mawe, na baiskeli ikaanguka ubavu karibu naye. Baruti alikuwa ameshainua fimbo mara ya pili alipoona ni nani.

Fimbo ikabaki hewani.

Gurudumu la mbele lilikuwa bado linazunguka, na kengele ilikuwa inalia. Ililia katikati ya ule ukimya wote, watu wamesimama juu na chini ya njia, mikono vichwani. Na mzee, akiwa amepiga magoti juu ya binti yake, akipapasa ile damu, akasema kwa sauti ya kilio iliyosikika mpaka chini:

"Mwanangu! Mbona hukupiga kengele? Kwa nini hukupiga kengele?"

Mwalimu mstaafu alivua kofia. Spoki, aliyekuwa ameshafika na mnyororo juu, aliisikiliza kengele, akamtazama mzee, akaisikiliza tena. Msimamizi naye alikuwa pale, filimbi shingoni, na Fundi aliona usoni mwake kwamba alikuwa anaukumbuka ule ukumbi.

Fundi alijaribu kusema. Lakini mdomo ulikuwa umeharibika, midomo imepasuka na kuvimba, haiwezi kuunda neno ambalo mzee angelisoma. Baba yake aliitazama ile midomo kwa macho ya kuomba. "Sema, mwanangu. Sema, sikuelewi." Gurudumu lilipungua mwendo. Kengele ikalia moja moja, ikanyamaza.

Angeweza kutikisa kichwa. Angetikisa tu, kwamba hakupiga, na baba yake angebaki na heshima yake machoni pake mwenyewe, ingawa kila mtu pale aliisikia kengele. Na mwezi ujao fimbo ingemshukia mtu mwingine.

Alimshika baba yake mkono, ule wa kulia, akamfanya aiachie fimbo. Akauweka kiganja chake juu ya kengele. Kisha kwa mkono wa pili akalisukuma gurudumu kwa nguvu zote zilizombakia.

Chuma kilitetemeka chini ya kiganja cha mzee. Alikitazama. Aliinua uso akawatazama watu, mmoja mmoja, na safari hii hakukuwa na mtu anayecheka wa kumwigiza wala anayeziba masikio. Wote walikuwa wakimtazama yeye.

"Inalia," alisema.

Fundi akakubali kwa kichwa.

"Ilikuwa inalia saa zote?"

Akakubali tena. Mzee akageuza shingo polepole mpaka macho yake yakamfikia Spoki na bega lake lililoshuka upande mmoja.

"Na huyu," alimuuliza binti yake, "siku ile, naye alipiga?"

Fundi alifumba macho, akakubali. Mnyororo ukamponyoka Spoki ukaanguka juu ya mawe kwa kishindo, lakini mzee hakugeuka. Mkono wake ulikuwa bado juu ya kengele, na gurudumu lilikuwa limeshasimama.