Kinywa cha Baba wa Bibi-arusi

Priscille hakukaa. Alisimama mlangoni, mkoba wa ofisi begani, akamwambia baba yake maneno aliyoyafanyia mazoezi njia nzima kutoka mjini mpaka Kasha.

"Papa, siku ya dot, bakileta mahari yangu, Tonton Lucien njo atasema pa nafasi yako."

Marcellin alikuwa anachokonoa gego kwa njiti ya fagio. Akaitoa, akaitazama damu kwenye ncha, akaifuta kwenye suruali.

"Lucien njo papa yako?"

"Hapana, papa."

"Mimi nilikufa?"

"Papa, usikasirike."

"Basi sema sababu. Nilijenga manyumba ya batu trente ans, miaka makumi tatu, hakuna mutu alinifukuza ku chantier bila kunipa sababu."

Msichana aliinamisha kichwa. Alikuwa amesoma mpaka chuo, anaandika ripoti za watu wakubwa, lakini hili halikuwa na namna nzuri ya kuandikwa.

"Ni kinywa, papa. Inanuka. Siku ile muchumba wangu Christophe alikuja kukusalimia, ulimukumbatia. Tulipofika mu njia, aliniuliza kama uko mugonjwa. Na ile siku utakaa mbele, karibu na bazee ba kwao. Sitaki bakucheke."

Alipoondoka, Marcellin alipumua kwenye kiganja chake na kukinusa. Hakupata harufu nyingine ila saruji. Ndiyo shida ya mwanaume aliyefiwa na mke: hakuna tena mtu wa kumwambia.

Eulalie angemwambia. Tena asingengoja kinywa kifike huko. Kila walipokula nyama, Eulalie ndiye aliyevunja njiti kwenye fagio, akizipapasa kwa vidole: zenye ncha nyembamba kwa meno ya mbele, nene kidogo kwa ule mwanya wa magego ya chini, upande wa kulia. Alimpa bila kuombwa, kama alivyompa maji ya kunawa. Sasa ulikuwa mwaka na nusu tangu azikwe, na Marcellin alikuwa akivunja njiti yoyote iliyo karibu. Ikikosekana, kiberiti. Kiberiti kikikosekana, pini. Fundi aliyejua kuchagua jiwe kwa kuligonga tu na nyundo hakujua kuchagua kijiti cha meno yake mwenyewe.

Na nani alimuua Eulalie? Hapo Marcellin hakuwa anatafuta mbali. Ni wale waliokula pesa ya barabara. Mvua ilikata njia, gari la wagonjwa lililokuwa linamfuata likageuza katikati ya safari, na wiki iliyofuata mkubwa mmoja akaja amevaa kofia ya chantier, akapigwa picha mbele ya shimo. Shimo lipo mpaka leo. Mkubwa alipandishwa cheo. Tangu siku hiyo, bomba likikauka ni wakubwa, saruji ikipanda ni wakubwa, na jirani zake walikuwa wameacha kumuuliza habari ya asubuhi, maana jibu lilikuwa refu.

Lakini kumnyang'anya neno mbele ya wakwe, hilo lilikuwa jingine. Hakuwa na hamu ya kuhutubia. Alitaka kusema jina moja tu. Eulalie alikuwa amebeba mchanga kwa ndoo, kichwani na mgongoni, ili Priscille asome. Na kama kuna ng'ombe wa mama katika mahari, basi huyo mama atajwe, watu wamjue. Lucien asingemtaja. Lucien, mdogo wake, alikataa ndoa ile tangu mwanzo, akisema Eulalie ni mtu wa mashambani asiye na kwao pa maana, na hata kwenye kilio alikaa karibu na lango, akitazama saa.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya siku ya mahari.

Kesho yake akakumbuka kibrashi alichokitupia sandukuni. Mwezi uliopita mradi fulani ulifika Kasha kufundisha usafi wa meno. Walipanga watu mstari, wakapiga makofi, wakagawa vibrashi vidogo vyenye waya katikati, vya kupitisha baina ya meno. Waliviita broseti. Vyote vilikuwa vyekundu, vyote vya unene mmoja, kama vile wakaaji wote wa Kasha walizaliwa na mdomo mmoja. Watu walivipokea, wakapigwa picha, wakarudi navyo nyumbani. Fundi cherehani alisafishia mashine yake. Vijana walitolea vumbi kwenye tundu la chaji la simu. Mama muuza chai alizibulia jiko la mafuta. Cha Marcellin kilikuwa bado kimefungwa.

Alikifungua, akakielekeza kwenye mwanya. Hakikuingia. Akasukuma, kama anayepigilia msumari. Kikaingia kwa nguvu, waya ukapinda, na damu ikamjaa mdomoni mpaka akatema mara tatu.

Alikwenda nacho mkononi hivyo hivyo, damu kwenye midevu, mpaka kwenye kituo cha afya, katika chumba cha maman Joviale, mama mnene mwenye kicheko, ambaye kazi yake ilikuwa meno.

"Angalia! Angalia kazi ya bakubwa benu! Banatuletea brosi ya kusafishia chupa, banasema ni ya meno!"

"Papa Marcellin, kwanza bonjour."

"Bonjour ya nini? Bananiua!"

"Kaa. Fungua kinywa. Kelele utapiga nyuma, nikimaliza."

Joviale aliwasha tochi, akaangalia, akaguna. Hakukunja pua, au alikuwa amezoea.

"Wewe uko masoni, fundi wa kujenga. Katikati ya matofali, ukipaka ciment, unapitisha mwiko mukubwa?"

"Hapana. Unapitisha kachuma kembamba."

"Na mahali mawe iko mbali mbali?"

"Kachuma kapana."

"Basi kwa nini mu kinywa yako unapitisha kitu moja kila mahali?"

Marcellin alifuta damu kwenye midevu. Kisha akasema: "Beko banagawa namba moja. Si kosa yangu."

"Kugawa, banagawa vibaya. Nilibaambia, hakuna aliyenisikia. Lakini mwenye kusukuma ni nani? Mukubwa gani alikushika mukono?"

Marcellin akafungua kinywa tena. Joviale alimkwangua ukoko uliokauka kwenye mizizi ya meno, mgumu kama saruji ya zamani, na Marcellin alishikilia kiti kwa mikono miwili. Kisha akatoa broseti tatu za rangi tofauti kwenye kopo lake, akaanza kujaribu. Nyembamba iliogelea ndani ya mwanya bila kugusa kitu. Ya pili, ya njano, ikapita kwa kujibana kidogo, bila kulazimishwa.

"Hii njo yako ya nyuma. Inaingia bila vita, lakini inagusa kuta mbili. Usizungushe. Ingiza, toa, ingiza, toa, suuza na maji. Mbele meno imebanana, kule utatumia uzi. Unaushusha polepole, unauzungushia jino, unapandisha."

"Niko na uzi ya gunia ya muchele."

"Ile itakukata fizi. Chukua hii. Na njiti ya fagio, papa, waachie wanaofagia."

"Bibi yangu njo alikuwa ananichagulia njiti."

Joviale alimwekea ile broseti ya njano kiganjani. "Basi alikuwa anajua kupima. Wewe endelea kupima. Damu itatoka siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Ni ya ugonjwa, si ya broseti. Ukiiogopa, ukiacha, utarudi hapa nikung'oe jino."

Siku ya tatu alitaka kuacha. Bomba halikuwa na maji, akawatukana wenye maji, akasuuza kwa maji ya mvua. Siku ya sita sinki lilikuwa bado jekundu, akawatukana wenye mradi. Siku ya kumi alitema, akainama kuangalia. Povu jeupe. Alitafuta wa kutukana, hakumpata.

Siku ya mahari alivaa koti, akafika mapema kwenye nyumba iliyoandaliwa kwa sherehe. Mjomba wa Christophe akampokea kwa mikono miwili na kumnong'oneza kama mtu anavyonong'ona hospitalini:

"Pole sana, papa. Tulisikia koo imekukatala. Usijichokeshe. Priscille amepanga bakuletee bouillon."

Marcellin aligeuza kichwa. Priscille alikuwa pembeni, kitambaa kichwani, macho yakimwomba. Kumbe ndivyo alivyowaambia. Baba haumwi kinywa, baba amepoteza sauti.

Akakaa. Wengine waliletewa nyama ya ng'ombe na ya mbuzi, wakararua, wakatafuna. Yeye aliletewa bakuli la supu, na akainywa kijiko kwa kijiko, kinywa safi, magego hayana kazi.

Lucien alisimama na karatasi. Alishukuru mababu. Alishukuru padri, na walimu, na uongozi wa mtaa. Alishukuru "sisi wanaume wa nyumba hii tuliomlea mtoto." Akafika kwenye ng'ombe, akasema wawili, mmoja wa ukoo, mmoja wa mama, kwa haraka, kama anayesoma orodha ya soko. Akakunja karatasi.

"Mama yake anaitwa Eulalie," alisema Marcellin.

Vijiko vikasimama. Upande wa wakwe mtu akacheka: "Ee! Hii bouillon iko na dawa!" Wengine wakamfuata. Priscille alijifunika uso kwa kiganja.

Shangazi wa Christophe, bibi kizee aliyevuka ziwa asubuhi ile kutoka kisiwa cha Idjwi, masikio mazito, alikuwa ameketi kiti cha jirani. Aliona midomo ikisogea, hakusikia kitu. Akamshika Marcellin bega, akaleta sikio lake mpaka karibu kabisa na mdomo wake.

"Sema tena, mukwe. Sikusikia."

Marcellin alisita. Pumzi yake ilikuwa inatikisa kilemba cha yule bibi.

"Eulalie. Mama ya huyu mutoto. Alibeba muchanga ku chantier yangu, ndoo kwa ndoo, mimba na yote. Ule ng'ombe ni wake. Muite na jina yake."

Bibi hakurudi nyuma. Hakugeuza uso. "Eulalie," akarudia kwa sauti ya watu wasiosikia, nyumba nzima ikamsikia. "Sawa. Alikuwa mutu wa namna gani?"

Priscille alikuwa ameshusha kiganja, anamwangalia baba yake, midomo imefunguka kidogo kama anayetaka kuomba kitu. Marcellin alimwona, akageuzia macho kwa bibi. Kuna maneno ambayo angemwambia mwanawe, lakini si leo, na labda si mwaka huu.

"Nitakuambia," alisema, akasogeza bakuli la supu pembeni. Lucien alibaki amesimama, karatasi mkononi.